Kununua Gari Lisiloonwa: Mas-ala ya Mnunuzi Aliye Arusha na Gari Lililo Ng'ambo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na akawakataza kula mali zao kwa batili. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ijulikane kuwa miongoni mwa biashara zilizoenea mno kwa watu wa pwani na wa bara ni kununua gari lililokwisha tumika, nalo liko mbali na mnunuzi, wala hakuliona kwa jicho lake. Wengi huifanya biashara hii kwa wepesi: huona picha, hupeleka fedha, kisha hungoja meli. Na pengine fedha hizo ni akiba ya miaka kumi, au mali ya ndugu wawili walioshirikiana, au fungu la mayatima lililo mkononi mwa msimamizi wao. Gari likifika nalo ni bovu, mali imekwisha kwenda, na muuzaji yuko ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo yampasa mwenye kutaka kununua ayajue mambo mawili: walilolisema wanavyuoni katika kununua kitu kisichoonwa, na njia ambayo mtu aliye mbali aweza kuliona gari kabla ya kuagana.

SURA YA MAS-ALA

Na ichukuliwe mfano. Zaidi ni mtu wa Tanga aliyehamia Arusha, naye ataka gari la kuchukua bidhaa zake baina ya mjini, Tengeru na Usa River. Amri ni muuzaji aliye Yokohama katika nchi ya Japani. Zaidi ameielekea Japani kwa sababu mbili zijulikanazo. Ya kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa njia kama watu wa Tanzania, na usukani wa gari lao uko kulia. Ya pili, kwao gari dogo la watu hukaguliwa na serikali miaka 3 baada ya kununuliwa jipya, kisha kila miaka 2. Na kwa kuwa ukaguzi huo una gharama, wengi huona heri kuliuza gari mapema.

Gari hilo litatoka kwa mwenyewe, litapita mnadani, litapakiwa melini, litashuka Dar es Salaam, litapita forodhani, kisha litaendeshwa zaidi ya kilomita 600 hata Arusha. Katika njia yote hiyo litaonwa na watu wengi, na mtu wa mwisho kuliona ni yule aliyelilipia. Hii ndiyo sura ya mas-ala, nayo yafanana na ya mtu wa Arusha anunuaye gari lililo Dar es Salaam au Mombasa kwa picha ya simu.

HUKUMU YA KUNUNUA KITU KISICHOONWA

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Minhaj kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kwamba hausihi uuzaji wa kitu maalumu kisichoonwa. Ipo kauli ya pili katika madhehebu hayo, kwamba biashara yasihi, na mnunuzi ana khiyari pindi akionapo kitu: akitaka atakishika, akitaka atakirudisha. Na kauli hii ya pili yaelekeana na madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Tena wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa kukieleza kitu hicho kwa sifa zake, hata zikawa nyingi, hakusimami mahali pa kukiona, kwa kauli iliyo sahihi zaidi.

Na hoja ya hayo ni gharari, yaani biashara ambayo mwisho wake umefichika, nayo imekatazwa na Mtume, sala na salamu zimshukie. Watu wa zamani hizi wana neno lao: husema kuwa fulani ameuziwa mbuzi ndani ya gunia. Neno hilo la barazani na neno la fikihi yamekutana mahali pamoja.

Ikiwa mtu atashika kauli ya pili kwa haja ya biashara za leo, na aelewe kuwa kauli hiyo imesimama juu ya khiyari ya kurudisha. Zaidi aliyelipa bei yote kabla ya kuona, kwa muuzaji asiyekubali kurudishiwa, ameichukua ruhusa ya kauli ile akaiacha kinga yake.

KUONA KWA KILA KITU NI KWA KADIRI YAKE

Wanavyuoni wamesema pia kuwa kuona huzingatiwa kwa kadiri ya kitu chenyewe. Nyumba huonwa vyumba vyake, dari zake na kuta zake; wala haitoshi kusimama mlangoni. Nguo iliyokunjwa hukunjuliwa. Na watu wa pwani walijua jambo hili katika vyombo vyao. Mwenye kununua jahazi hakutosheka na rangi ya tezi. Aliingia ndani hata ngamani, akayagusa mataruma, akaichoma mbao kwa ncha ya kisu ajue kama imeoza, akatazama kalafati mshono kwa mshono. Gari nalo ni chombo. Kuliona ni kuona injini ikiwaka, na chini yake, na ndani yake, na mwendo wake.

Kwa hiyo picha, hata zikawa 40, huonyesha uso tu. Hazitoi mlio wa injini, wala harufu ya uvundo chini ya kapeti, wala joto la rejeta baada ya mwendo wa saa moja. Na mpigaji picha ni muuzaji, naye huchagua pa kusimama.

Ama karatasi ya mnada wa Japani, hiyo ina faida kubwa kuliko picha, kwa sababu hutolewa na mkaguzi wa mnada wala si muuzaji. Gari hupewa daraja kwa tarakimu: 5 na 4.5 ni zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 ni la kati, na 3 lina makovu mengi. Na herufi R huonyesha kuwa gari lilipata ajali likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi, A ikiwa ya juu. Kisha huchorwa umbo la gari na alama mahali pa kila kasoro: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki na mawimbi, S ni kutu, na X ni kipande kinachotaka kubadilishwa. Zaidi amdai Amri karatasi hiyo, tena iwe ile ya asili, si tafsiri iliyoandikwa na muuzaji, na ampe mtu ajuaye Kijapani amsomee maneno ya pembeni. Mara nyingi ila iliyo kubwa imeandikwa hapo kwa neno moja. Walakini karatasi hii nayo ni maelezo. Ni ushahidi wa kutangulia, wala haitoshi peke yake.

UKAGUZI WA SERIKALI SI KUONA KWA MNUNUZI

Wako wasemao: gari hukaguliwa na Shirika la Viwango Tanzania, basi kuna haja gani ya ukaguzi mwingine? Jawabu lake ni hili. Shirika hilo kwa miaka mingi lilitumia mawakala waliokagua magari huko yanakotoka, na mwaka 2021 ukaguzi ukahamishiwa Dar es Salaam. Kanuni hizi zimekuwa zikibadilika. Basi mnunuzi aulize kanuni ya siku yake kabla ya kulipa, asitegemee habari ya jirani aliyenunua zamani. Na baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima ya Machi 2011, magari yalianza kupimwa mnururisho katika bandari za Japani.

Ukaguzi huo una maslaha ya umma: huuliza kama gari lafaa kutembea njiani bila kuwadhuru watu. Hauulizi kama bei ya Zaidi ni sawa, wala kama giaboksi itadumu miezi 6, wala kama gari hili ndilo alilolikusudia. Gari laweza kufaulu mbele ya serikali likawa hasara kwa mwenyewe. Na ukaguzi ufanywao bandarini huja baada ya mali kutoka mkononi.

Kadhalika umri wa gari ni hesabu ya serikali. Kenya haikubali kuingizwa gari lililopita miaka 8. Tanzania haikatazi kwa umri kama huo, bali huongeza ushuru kwa magari makuukuu, na hutazama mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kusajiliwa. Mamlaka ya Mapato Tanzania imeweka kikokotoo cha ushuru wa magari yaliyotumika. Zaidi akitazame kabla ya kuagana, ili asije akalinunua gari likamshinda forodhani.

WAKILI

Njia iliyo salama kwa dini na kwa mali ni moja: mnunuzi amweke wakili aliye karibu na gari, aone badala yake. Na hapa pana faida ya kifikihi ambayo wengi huikosa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi kuona kunatakiwa kwa yule afanyaye mapatano. Basi Zaidi asimtume Bakari kutazama tu kisha yeye Zaidi aagane kwa barua. Bali ampe uwakili wa mambo mawili, kuona na kuagana. Bakari akiona akaridhika akaagana, biashara imesihi kwa kauli iliyo dhahiri, wala haihitaji ruhusa nyingine. Hata mnadani Japani wako mawakala ambao kazi yao ni kwenda uwanjani, kulitazama gari, kisha kulipigia bei kwa niaba ya mnunuzi. Na gari moja huuzwa hapo kwa muda usiofika dakika moja. Asiyeliona kabla hana nafasi ya kuliona wakati wa bei.

Wakili huyo ana sharti tatu. Awe mjuzi, maana macho ya asiyejua ni kama picha. Awe mwaminifu. Na ujira wake utoke kwa mnunuzi peke yake. Akipokea fungu kwa muuzaji kwa siri amefanya khiyana. Wanavyuoni wamesema kuwa wakili wa kununua hanunui kitu chenye ila hali ya kuijua. Basi na aandikiwe wazi kuwa akiona ila aiseme, hata ikiwa ndogo.

Gari likiwa Dar es Salaam, Zaidi hana udhuru. Basi la alfajiri litokalo Arusha hufika siku ile ile. Arusha ina mafundi hodari, wakiwamo waliosoma Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanza mwaka 1978. Nauli ya fundi na ujira wa siku mbili ni kitu kidogo mbele ya bei ya injini moja.

Na mambo ambayo wakili atayatazama ni haya:

Kwanza, nambari ya chesisi. Asome ile iliyopigwa katika chuma, ailinganishe na hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kutoka nchini. Na kwa gari lililo Tanzania, ailinganishe na kadi, na ahakikishe katika Mamlaka ya Mapato kuwa muuzaji ndiye mwenyewe. Nambari zikihitilafiana, aondoke.

Pili, injini ikiwa baridi. Aiguse kabla haijawashwa. Muuzaji aliyeitia moto mapema huenda aficha ugumu wa kuwaka. Kisha atazame moshi: wa buluu ni oili yaungua, mweupe mzito usiokwisha ni maji yaingia penye moto, mweusi ni mafuta yaliyozidi. Afungue mfuniko wa oili. Akiona ute kama maziwa, maji na oili vimechanganyika.

Tatu, chini ya gari. Huko Hokkaido na kaskazini mwa Japani theluji huanguka, na njia hunyunyiziwa chumvi, nayo hula chesisi na mabomba ya breki. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari kuukuu ni jambo la kuulizwa.

Nne, dalili za mafuriko. Mkanda wa kiti uvutwe mpaka mwisho, kwani muuzaji huosha viti akausahau mkanda. Matope hubaki huko. Kapeti iinuliwe, na harufu inuswe.

Tano, dalili za ajali. Mianya ya milango na ya boneti iwe sawa pande zote. Bolti za boneti zilizokwaruzwa na spana zaonyesha kuwa ilifunguliwa.

Sita, mwendo: breki, usukani, giaboksi, mlio wa difu, na mshale wa joto baada ya safari ndefu. Na hayo yote ayaandike, na kila ila aipige picha.

MITA ILIYORUDISHWA NYUMA

Ila mbaya kuliko zote ni ile iliyofanywa kwa mkono. Wako wauzaji wanaorudisha nyuma mita ya kilomita, gari lililokwenda 210,000 likasomeka 80,000. Hili lina asili yake katika sheria. Waarabu walikuwa wakimfunga ngamia au mbuzi chuchu, asikamwe siku kadhaa, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani kuwa ana maziwa mengi. Mtume, sala na salamu zimshukie, alilikataza hilo, akampa mnunuzi khiyari baada ya kukama: amshike, au amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa. Kiwele kilichofungwa na mita iliyorudishwa ni jambo moja.

Dawa yake ni hati. Hati ya Japani ya kufuta usajili huandikwa kilomita zilizosomwa katika ukaguzi. Mita ikisoma pungufu kuliko hati, udanganyifu umedhihiri. Pia watazame wajuzi kikanyagio cha breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Chuma cha kilomita 80,000 hakiliki hivyo. Na wahenga walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

KUJARIBU GARI NA NCHI YA MERU

Arusha ni mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Meru unaozidi mita 4,500. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililojaribiwa Yokohama au Kariakoo halijapimwa kwa kazi itakayolikuta katika kupanda kwenda Oldonyo Sambu, au kutoka Ngurdoto kwenda Momella, pamoja na vumbi la huko. Rejeta dhaifu iliyostahimili mji wa pwani hupasuka mlimani. Na breki zilizotosha foleni hazitoshi mteremko wenye shehena. Basi Zaidi amwambie wakili wake kazi ya gari na nchi yake, ili atazame zaidi mfumo wa kupoza injini, breki na giaboksi.

Na mwenye kujaribu achukue idhini, na ajue dhamana yake. Imepokewa kuwa Sayidna Umar alimchukua farasi kwa kumtaka, akampandisha mtu amjaribu, farasi akaumia. Wakahukumiana kwa Shurayhi, naye akahukumu kuwa Umar alimpokea mzima, basi ni juu yake mpaka amrudishe mzima. Umar akaipenda hukumu hiyo, akamfanya kadhi wa Kufa.

FEDHA, NA ILA IKIONEKANA BAADAYE

Fedha zisitoke ila kwa akaunti yenye jina la biashara ya muuzaji, si ya mtu binafsi. Ukija ujumbe kuwa akaunti imebadilika, apigiwe simu kwa nambari ya zamani, si ile iliyo katika ujumbe. Hapo ndipo wengi walipoibiwa.

Gari likishuka Dar es Salaam, Zaidi awe na fundi palepale, kabla halijaondoka. Kurudisha kwa ila, katika madhehebu, ni kwa haraka. Aliyeijua ila kisha akaendelea kulitumia gari bila dharura, akalipakia mizigo hata Arusha, ameiangusha haki yake ya kurudisha. Ampelekee muuzaji habari siku ile ile, kwa maandishi na picha.

Na muuzaji asidhani kuwa ameokoka kwa kuandika kwamba gari linauzwa kama lilivyo na hana dhamana ya ila. Imamu Nawawi ameeleza kuwa sharti hilo, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, humwokoa muuzaji kwa ila ya ndani ya mnyama asiyoijua, si kwa nyingine. Gari si mnyama, na ila aliyoijua akaificha iko shingoni mwake. Siku moja Mtume, sala na salamu zimshukie, alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikapata maji. Mwenyewe akasema kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakione, akamwambia kuwa mwenye kughushi si katika wenzake.

Katika kisa hicho mna mafunzo kwa wote wawili. Muuzaji na aiweke juu ile iliyolowa. Na mnunuzi na atie mkono ndani ya fungu kabla ya kutoa mali. Na ikiwa mkono wake haufiki, na atafute mkono mwaminifu wa kuutia badala yake.

Wallahu a'lam. Wa billahi taufiki.